Jibu Linalochelewa

Tassia watu husalimiana wakitembea. "Sasa?" hutupwa ngazini, "poa" hurudishwa kabla mguu haujafika kipandio kinachofuata, na kila mtu anashika zake. Maji yamepotea, mitungi ni mizito, makanga anaita barabarani. Nani ana muda wa kusimama? Mweke kwenye ngazi hizo mzee anayehitaji sekunde tatu au nne kuliandaa jibu. Likitoka, mwenyewe keshaondoka. Aliyesalimu yuko chini tayari, kwenye kibanda cha mama mboga, anasema yule mzee wa ghorofa ya nne siku hizi ana maringo.

Maringo, kiburi, kununa, ulevi: ndiyo mashtaka ambayo mgonjwa wa Parkinson husomewa na majirani kabla hajafika kwa daktari. Wengi wetu tunaujua ugonjwa huu kwa mkono unaotetemeka. Mkono hutetemeka kweli, lakini wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa, na hata kwa wanaotetemeka, sidhani mkono ndio unaowagharimu zaidi mbele za watu. Parkinson huvamia vitu vidogo ambavyo mtu hutumia kumwonyesha mwenzake kwamba yuko naye: kupepesa macho, kutabasamu, kupunga mkono, kuinua sauti, kujibu kwa wakati. Misuli ya uso huwa mizito, tabasamu haliji linapoitwa. Mzee amefurahi kukuona, ila uso wake haujapata habari. Katika mtaa ambao majirani hujuana kwa sekunde mbili za ngazini, hasara hiyo inazidi ya kumwaga chai.

Mzee ninayemfikiria hapa ni wa kubuni. Nyumba yake siyo. Tassia iko Embakasi, Nairobi, jirani ya Fedha na Pipeline, na sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa mali ya NSSF, hazina ile ile inayokata mishahara yetu kwa ajili ya uzee. Juu ya ardhi hiyo ya pensheni zimeota nyumba za ghorofa tano, sita, saba, zisizo na lifti, zenye korido nyembamba na giza la mchana, ambazo hakuna aliyezijenga akifikiria mtu wa miaka sabini. Mzee wangu alifanya kazi miaka mingi, akastaafu, akarudi ushago, mambo yalipoanza kwenda mrama mwanawe akamleta mjini yeye na mkewe, "akae karibu na hospitali kidogo." Hicho "kidogo" wanaoishi Nairobi wanakielewa.

Mambo yalianza kwenda mrama zamani kuliko familia inavyodhani. Kwa wengi pua hutangulia, pengine kwa miaka kadhaa kabla ya mkono. Korido ya Tassia jioni ni kitabu kizima cha harufu: omena kwa jirani wa kushoto, chapati kwa wa kulia, sabuni ya unga, mafuta ya nywele, na mtaro uliopasuka nje. Mzee hasikii hata moja. Mtaro ukipasuka watu watamwona mwenye bahati. Gesi ikivuja, si bahati tena. Tumbo nalo hufunga, choo kikawa kazi ya siku nzima. Usiku anapigana. Mtu mzima wa afya akiota, mwili wake huwa umezimwa usifuate ndoto. Kwa baadhi ya watakaopata Parkinson kizuizi hicho hulegea mapema, na mzee anayefukuzwa na fisi ndotoni humpiga teke mkewe kitandani. Mama wa watu akisimulia hayo, kuna watakaompa mistari ya kuombea na kuna watakaomnong'oneza habari za majini. Si rahisi kumlaumu yeyote. Nani angeunganisha pua, tumbo na ndoto akapata ugonjwa mmoja?

James Parkinson mwenyewe hakuviunganisha vyote. Alikuwa daktari wa kawaida wa Hoxton, London, na kijitabu chake cha mwaka 1817 kinaeleza wagonjwa sita tu. Wawili alikutana nao njiani. Mwingine alimwona kwa mbali. Napenda sana jambo hilo: ugonjwa huu uliingia katika vitabu vya tiba kupitia macho ya mtu aliyekuwa akitazama wapita njia. Asubuhi moja ya kusimama kando ya Outer Ring Road, watu wanapomiminika kwenda kazini, ingemtosha. Angemchagua mtu ambaye mkono mmoja haubembei anapotembea. Angemwona yule wa hatua fupi fupi zinazoharakishana, kiwiliwili kimetangulia na miguu inakifukuza. Angemwona aliyeficha mkono mfukoni. Mtetemo wa Parkinson kwa kawaida huja mkono ukiwa umepumzika, na hupungua ukienda kushika kitu. Ndiyo maana mtu huyo anaweza kuinua kikombe vizuri na bado mkono ukacheza pajani akitazama taarifa ya habari. Tarehe aliyozaliwa daktari huyo, 11 Aprili, ndiyo inayoadhimishwa duniani sasa kuwa siku ya Parkinson. Pale alipoandika kwamba akili hubaki salama, alikosea. Huzuni nzito na wasiwasi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, wala si majonzi ya kuugua tu, na miaka ikisonga wengi hupungukiwa kumbukumbu pia.

Kinachotokea kichwani ni hiki. Ndani ya shina la ubongo kuna kundi dogo la seli zenye weusi, zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Seli hizo hufa taratibu, na mkono unapoanza kutetemeka, kwa makadirio ya wengi, nusu au zaidi zimekwisha kwenda. Umri una mkono wake humo, nasaba pia, na mazingira. Dawa ya magugu ya parakwati, iliyopigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya tangu 2007 na inayojulikana vizuri na vibarua wa mashamba yetu, imehusishwa na ongezeko la hatari. Mwaka 2023 watafiti, wengi wao kutoka Nigeria, walitangaza badiliko la jeni ya GBA1 ambalo wamelikuta kwa watu wenye asili ya Afrika na ambalo miaka yote ya kuwapima Wazungu haikulionyesha. Hilo nalitaja kwa wale wanaosema huu ni ugonjwa wa wazungu.

Dopamini haimpi mtu nguvu. Nguvu mzee anazo. Mpe mkono akushike uone. Inachosimamia ni kuanza, na ukubwa na kasi ya tendo. Ikipungua, kila tendo linalojiendesha lenyewe hugeuka uamuzi: sasa inua mguu, sasa geuka, sasa meza mate. Mwandiko huanza vizuri upande wa kushoto wa karatasi na kumalizika kwa herufi za chungu, hata benki ikaikataa sahihi ya mteja wa miaka thelathini. Nambari ya siri ya M-Pesa ni tarakimu nne tu, lakini simu ina subira yake, na ikichoka kungoja humrudisha mwanzo. Sauti hushuka. Ajabu ya sauti ni kwamba mwenyewe hajui imeshuka. Anajisikia anaongea sawasawa, na ukimwambia apaze anaona unamtaka apige kelele. Wataalamu wa usemi huwafundisha wagonjwa hivyo hivyo: piga kelele, ndiyo itakuwa sauti yako ya kawaida. Sasa ishindanishe sauti hiyo na Tassia, yenye fundi anayekata vyuma chini ya dirisha, spika za kanisa, na matatu inayotikisa vioo kwa muziki. Mzee anasema jambo mezani, hakuna anayelisikia, naye hasemi tena.

Kuna jambo moja ambalo hunifanya nitilie shaka huruma zetu za haraka. Ukiwaambia watu kwamba mzee mwenye Parkinson anaishi ghorofa ya nne, wote watalia na ngazi. Ngazi! Kumbe mara nyingi adui yuko kwingine. Wagonjwa wengi hugandia mahali tambarare: mlangoni, kwenye korido nyembamba, wanapogeuka jikoni. Miguu hushikamana na sakafu huku mwili ukitaka kuendelea, na hapo ndipo huanguka. Lakini mlete mtu huyo huyo kwenye ngazi, na unaweza kumwona akipanda bila kusita, kwa sababu kila kipandio kinalionyesha jicho mahali pa kuweka mguu. Njia ya ndani ya kuanzisha hatua imeharibika. Njia inayopita machoni bado inafanya kazi. Ndiyo maana utepe wa rangi uliobandikwa sakafuni kukatiza mlango, mistari michache tu iliyoachana kwa hatua moja, unaweza kumvusha mtu aliyekwama dakika nzima. Mdundo husaidia pia. Kuna wanaohesabu moja-mbili kimoyomoyo, na wanaoimba wimbo wa kwaya kutoka chooni hadi sebuleni. Wataalamu wameandika hata juu ya wagonjwa waliokuwa hawawezi kuinuka kitini, moto ukazuka, wakakimbia. Hapa Tassia, Desemba 2019, jengo la ghorofa sita liliporomoka na kuua watu. Sitaki mzee yeyote autegemee muujiza wa aina hiyo. Na kushuka ngazi si sawa na kupanda. Lakini anayemfungia baba yake ndani mwezi mzima kwa kuogopa ngazi huenda anamfungia karibu na mlango, ambao ndio wa kuogopwa.

Matatu nayo ina kisa chake. Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris aliyeupa ugonjwa huu jina la Parkinson, aliambiwa na wagonjwa wake kwamba wakisafiri kwa treni au kwa gari la farasi, mtikisiko wa njiani huwapa nafuu. Hakuwacheka. Aliwaundia kiti kinachotetemeka, na mwaka 1892 akakifundisha darasani. Majaribio ya karne hii hayakuonyesha kwamba kiti cha namna hiyo kinashinda kiti kilichotulia chenye sauti za kutuliza, jambo la kusikitisha kidogo, maana barabara za ndani za Embakasi zingekuwa zahanati ya bure. Tabu ya matatu haimo katika mtikisiko. Imo katika kupanda na kushuka. Makanga anapiga bati, dereva haachi kukanyaga mafuta, na mzee amesimama mlangoni akitafuta hatua ya kwanza. Abiria wa nyuma husema, "Songa basi, mzee!" Ukimharakisha mtu aliyeganda, unamgandisha zaidi. Mpe mkono kwa mbele, usimvute, mwambie aanze na mguu wa kulia.

Nairobi imewahi kumpokea mgonjwa maarufu kuliko wote kabla hajajulikana kuwa mgonjwa. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma bondia Muhammad Ali kuja kuzishawishi nchi za Afrika zisiende Olimpiki za Moscow. Dar es Salaam, Nyerere alikataa kuonana naye. Nairobi akaonana na Moi. Alikuwa na miaka 38, na haikuwa imepita hata miaka sita tangu usiku ule wa pambano lake Kinshasa. Miaka mingi baadaye watafiti walipima mahojiano yake ya zamani silabi kwa silabi, wakakuta kwamba kati ya umri wa miaka 26 na 39 kasi ya usemi wake ilishuka kwa karibu robo. Maana yake, mwenye mdomo mkali kuliko wote waliopata kuvaa glavu alipita hapa mdomo ukiwa tayari unapungua mwendo, na madaktari walikuja kuutaja ugonjwa mwaka 1984. Dunia inakumbuka Olimpiki za Atlanta, 1996, mwenge mkono wa kulia na wa kushoto ukitetemeka. Mkono ulipigwa picha. Sauti iliondoka kidogo kidogo kwa miaka, mbele ya vipaza sauti, na waliokuwa karibu wakasema amechoka tu.

Dawa ipo, tena si ya jana. Levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, ilijaribiwa Vienna mwaka 1961, na George Cotzias alionyesha mwaka 1967, Marekani, kwamba ikipandishwa polepole mtu aliyekuwa amekwama hutembea. Leo hupewa pamoja na kabidopa ili isiishie njiani kabla ya kufika kichwani, na imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Haiponyi. Haizuii seli kufa. Lakini kidonge kikishika, uso hurudi, na mkewe huona mtu aliyemwoa. Miaka ya mwanzo hupita vizuri. Baadaye dawa huwa kama tokeni za stima, unajua kabisa zitaisha saa ngapi na zikiisha ni giza hadi upakie tena. Familia yenye busara huishi kwa ratiba hiyo: kinyozi, kanisa, mgeni na daktari huwekwa katika saa za mwanga.

Na hapo jikoni kwetu panaingia. Protini hushindana na levodopa tumboni na kwenye lango la ubongo, kwa hiyo kidonge kinachosukumwa kwa chai nzito ya maziwa saa moja asubuhi, au kufuatia sahani ya ndengu, huweza kufika kimechoka. Kimezwe kwa maji, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Sentensi hiyo moja ingeokoa asubuhi nyingi Tassia, na naamini wapo wanaotoka kliniki bila kuambiwa. Wapo pia wanaopewa metoklopramidi ya kuzuia kutapika, dawa ambayo huziba kazi ya dopamini na kumrudisha mgonjwa nyuma. Ipo pia hofu kwamba dawa ikianzwa mapema "itazoeleka," basi mzee avumilie kwanza. Watafiti walilinganisha wagonjwa wa Ghana, walioanza dawa wakiwa wamechelewa, na wa Italia walioanza mapema. Ripoti yao ya 2014 ilionyesha kwamba usumbufu wa baadaye hufuata umri wa ugonjwa, si umri wa dawa. Waghana walivumilia bure.

Tabu ya Nairobi ni kuipata. Duka la dawa la mtaani lina za presha, za sukari, za minyoo. Levodopa mara nyingi huagizwa mjini, na bei yake hutoka mfukoni mwa mtoto anayelipa pia kodi na karo. Kuikatiza ghafla ni hatari, kunaweza kumpeleka mtu hospitalini akiwa amekakamaa na homa kali. Basi watu hugawa vidonge nusu nusu, au hutazama kwingine. Upupu, ule ule uliotuwasha shuleni mtundu alipoumwaga kwenye madawati, hubeba levodopa ya kweli katika mbegu zake, na waganga wa India wameutumia tangu zamani. Majaribio ya kitabibu, yakiwemo ya Bolivia, yameonyesha kwamba unga wake hufanya kazi. Siandiki haya ili mtu akauchume. Mbegu haina kipimo kilichoandikwa ubavuni, na ukichanganya na kidonge umezidisha.

Lakini dawa huanza na kutambuliwa. Ng'ambo ya mpaka, chini ya Kilimanjaro, wilaya ya Hai, watafiti walipita nyumba kwa nyumba miongoni mwa wakazi zaidi ya 160,000. Katika ripoti yao ya 2008 walipata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Walioulizwa baadaye walitaja uzee, wengine uchawi. Walikuwa wamekwenda kwa waganga, wamekwenda kuombewa. Haikuwa ujinga. Mtu aliyechelewa kujibu salamu anahitaji maelezo, na mtaa hutoa maelezo uliyo nayo.

Mke wa mzee wangu ndiye ninayemhofia zaidi. Anaamka saa kumi na moja kengele ya kidonge ikilia, anamgeuza kitandani, anafunga vifungo vya shati, anakatakata ugali. Kisha, bila kukusudia, anaanza kumjibia. Daktari anauliza "Mzee, unalalaje?" na mama anasema, "Halali vizuri." Mgeni anauliza habari za shamba, mama anajibu. Ni upendo, tena huokoa muda. Na kila jibu linalotolewa kwa niaba yake linamzoesha kutojibu. Ninayo heshima kubwa kwa mabinti wanaomgusa mama goti na kusema, "Mama, tumsubiri baba."

Siku moja familia itakaa na swali la kumrudisha ushago. Wajomba watasema hewa ni safi, hakuna kelele, atapumzika. Kupumzika ndiko kunakomwumiza. Mwili huu unahitaji kutembezwa kila siku. Nyumbani ardhi ina mawe na vishimo, choo kiko mbali na giza, na duka lenye dawa yake liko safari nzima. Huku ana kelele, ana kliniki ya kufikika, ana wajukuu wa kumhesabia hatua. Mimi ningemwacha Tassia. Ningemwambia keyateka na mama mboga jina la ugonjwa, kwa sababu hao wawili wakijua, ploti nzima inajua kufikia jioni. Ningebandika utepe kwenye milango. Nyumba ya chini ikikosekana, ya ghorofa ya pili ingetosha, mradi ngazi ziwe na taa na kitu cha kushika pande zote mbili.